Arusi ya Jumamosi ya Oktoba

Kadi ya arusi ilifika Agosti, ile wiki ya mazoezi mara mbili kwa siku, ikiwa imeelekezwa ofisini kwa timu. Bintiye hakuijua anwani ya nyumba yake na, tukisema ukweli, Orrin Skala mwenyewe alikuwa hajaikariri. Aliifungua akiwa pembeni mwa uwanja, jasho likimchuruzika kutoka ndani ya kofia. Kendra Skala na Eliot Brandvold wanakualika. Ghala la bustani ya matufaha, Wisconsin. Saa nane mchana. Jumamosi, tarehe kumi na saba Oktoba.

Akaisoma tena. Majina aliyaelewa, mahali alipaelewa. Kilichomshangaza ni ile siku.

Mtoto wa kocha haolewi Jumamosi ya Oktoba. Huku kwetu jambo hilo halijaandikwa popote, lakini kila nyumba ya kocha inalijua. Toka Agosti mpaka Desemba hakuna arusi, hakuna safari ya kwenda kuvua samaki, wala hakuna jino linalong'olewa kama bado linavumilika. Mazishi yapo, maana maiti haishauriki, ila hata hayo watu huomba yaangukie Jumanne. Wake za makocha hupanga mpaka uzazi, mtoto aje baina ya Februari na Julai. Doreen, aliyekuwa mke wa Orrin, alipanga vizuri akakosea miezi mitatu. Kendra akazaliwa Oktoba, siku ya Jumamosi, robo ya tatu ya mchezo ikiendelea, na baba yake akapewa habari baada ya kuoga.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na kalenda yake yenyewe. Siku ya kuzaliwa ya mtoto iliadhimishwa Februari. Krismasi, timu ikiwa inafanya vizuri na michezo inaendelea, ilisogezwa hadi katikati ya Januari, mti umeshapukutika, nyota imeinamia ukutani. Kendra alifika miaka saba ndipo akagundua kwamba watoto wengine hupuliza mishumaa siku ileile waliyozaliwa. Alirudi nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyegundua wizi.

Sasa ameleta kadi hii. Ama amesahau, jambo lisilowezekana, ama ana maana yake. Orrin alikuwa na miaka sitini na moja, hana mke, hana mtoto mwingine. Alijua bila kuambiwa na mtu kwamba akiikosa hii, hataitwa tena kwa lolote. Asiyekuwepo na lake halipo, na yeye hakuwa amekuwepo kwa miaka thelathini na moja.

"Kocha Skala!" akapiga kelele Petersen, kijana mmoja wa kilo mia na arobaini. "Mbona umeikodolea karatasi hivyo? Umeshtakiwa?"

"Inama wewe," Orrin akamjibu, akiitia kadi mfukoni. "Makalio yako yako juu kama ya bata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!"

Kazi yake ilikuwa ni mstari. Katika futiboli yetu kuna wanaume watano wanene wanaojipanga mbele ya mrushaji wa mpira, na kazi yao ni kugongwa ili yeye asigongwe. Mpira hawaugusi. Majina yao hayatajwi kwenye vipaza sauti isipokuwa wamekosea. Orrin alikuwa mmoja wao ujanani, goti likamharibikia, akageuka kuwa mwalimu wao, na elimu ile ya mstari aliijua kuliko alivyomjua binadamu yeyote. Alikuwa akimtazama mpinzani aliyeinama, vidole vya mkono mmoja amevikita chini, akakwambia kabla mpira haujaondoka jamaa anakwenda wapi. Vidole vikiwa vyeupe kwa uzito, anakuja kwa kasi mbele. Vikiwa na rangi yake, anataka kurudi nyuma. Vijana walimwona mchawi.

Lakini mchawi huyo alikuwa msaidizi. Kocha mkuu ni mmoja. Wasaidizi ni tisa au kumi, na riziki yao wote imefungwa kwenye mkanda wa suruali ya mkuu. Mkuu akifukuzwa, wanafukuzwa pamoja naye siku hiyohiyo, hata yule ambaye vijana wake hawakukosea kitu. Hakuna anayekuuliza mwaka juzi ulishinda mangapi. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa miaka thelathini na sita Orrin alifanya kazi katika vyuo tisa na alifukuzwa mara sita, na mara zote sita habari aliipata redioni, akiwa garini, kabla ya kuambiwa na mtu.

Kila Januari makocha wa nchi nzima hukusanyika katika hoteli moja kubwa. Wenye kazi huingia kusikiliza mihadhara. Wasio na kazi husimama ukumbini karibu na lifti, wamevaa jaketi za vyuo vilivyokwisha kuwatimua, wakingoja mkuu yeyote ashuke wamsalimie. Hucheka sana pale, hupigana makofi migongoni, na ukipita haraka utadhani ni sherehe. Orrin alisimama Januari sita kando ya lifti zile. Alijifunza kicheko kile na alijifunza kukizima mlango wa lifti unapofunga. Mimi sijui upweke mkubwa kuliko wa mwanamume mzima anayechekea lifti.

Nyumbani, Doreen alifunga masanduku na kuyafungua. Lilikuwapo moja, limeandikwa kwa kalamu nene "vyombo vya wageni", lililohama nao mara tano bila kuguswa, maana hawakukaa popote wakawahi kupata wageni. Kisha kule Idaho kocha mkuu wake, Lattimore, akafukuzwa, Kendra akiwa na miaka kumi na mmoja, na Orrin akarudi kutoka hotelini Januari ile na kazi mpya Kansas, uso umemng'aa.

"Nenda," Doreen alimwambia. "Mimi na mtoto tunashukia hapa."

Alirudi kwao Wisconsin, akaolewa na Merle Haugen, tarishi wa posta, mtu ambaye kila siku ya Mungu alikuwa nyumbani saa kumi na nusu jioni. Orrin alimcheka moyoni kwa miaka kadhaa. Baadaye akaacha kucheka.

Sasa alikuwa katika chuo kidogo cha Tolliver, Nebraska, chini ya kocha mkuu Tyrell Gaines, ambaye miaka ishirini nyuma alikuwa kijana wake wa mstari kule kule Idaho. Dunia ya makocha ni ndogo, na ukikaa sana unaishia kumwamkia bosi uliyemfundisha kuinama.

Pamoja na kadi ya mwaliko kulikuwa na kadi nyingine ndogo ya kurudisha. Unaweka alama: nitakuja, sitakuja. Orrin aliiweka juu ya meza jikoni, ikamtazama Septemba nzima. Hakuijaza. Kwanza alikuwa hajaomba ruhusa, na kila alipofikiria kuomba, aliahirisha. Pili, na hapa ndipo makocha wanapokuwa wajinga kuliko watu wengine, alizoea kwamba jina la mtu halitangazwi mpaka Ijumaa. Kocha hasemi mapema nani atacheza na nani hatacheza. Hata Petersen, mwenye goti bovu, hakuambiwa mpaka Ijumaa. Basi Orrin aliona kama kunyamaza ni busara, na siku ikifika ataonekana tu, na itakuwa furaha kubwa. Wenye arusi walikuwa wanahesabu viti.

Jumatatu ya wiki yenyewe alinyoa ndevu, akapiga hodi ofisini kwa Gaines. Gaines alikuwa anatazama picha za mchezo uliopita, anazirudisha nyuma na mbele.

"Kocha, una dakika?"

"Kwako hata mbili, mzee wangu. Kaa. Umeniletea habari za goti la Petersen?"

"Hapana. Binti yangu anaolewa."

"Wee! Hongera sana! Lini?"

"Jumamosi hii." Orrin alikuwa ameyakariri maneno yake, akayamwaga yote kwa pamoja. "Najua tunacheza nyumbani. Nimeshaandika kila kitu, karatasi nne, Dutcher anaweza kusimama na vijana, nimekaa naye mara mbili, na nikiendesha usiku naweza kuwa hapa Jumapili asubuhi kabla ya..."

"Sasa hapa unafanya nini?"

"Unasemaje?"

"Nasema hapa unafanya nini, mzee? Kanunue suti. Ondoka Ijumaa, tutaonana Jumatatu. Ukija Jumapili nitakufungia mlango."

Orrin alitazama saa ya ukutani bila kukusudia. Ilikuwa imepita nusu dakika, labda pungufu.

"Kwani ulidhani nitakataa?" Gaines alikuwa amegeuza kiti.

"Unajua wakuu walivyo."

"Wakuu gani? Mimi nimewajua wangapi? Lattimore?" Gaines akacheka. "Lattimore si ndiye alikuwa anamruhusu Burch kila baada ya wiki mbili akamwone binti yake akicheza dansi? Ijumaa jioni, tena! Sisi vijana tulikuwa tunamwita Baba Dansi, akipita tunamnengulia viuno. Hukujua?"

Orrin alijua. Alimwona Burch, msaidizi mwenzake, akiondoka na koti begani Ijumaa baada ya Ijumaa, akamhesabia siku zake. Huyu wa kwanza kufukuzwa, alikuwa akisema. Lattimore alipoanguka walifukuzwa wote kwa mkupuo mmoja, Burch na Orrin pamoja, barua zao zilikuwa na tarehe moja. Kwa miaka ishirini halikumpitia akilini kwamba Burch aliingia ofisini akaomba, akapewa.

"Wewe uliwahi kuomba, Kocha?" Gaines aliuliza, safari hii kwa upole.

"Petersen ataweza kucheza," Orrin akasema, akainuka.

Kuuliza si ujinga, watu husema, na watoto wa darasa la kwanza wanaijua methali hiyo. Mbona mtu mzima asiijue? Orrin alisimama kwenye korido, mkono ukutani, akijitafutia jibu. Alikuwa ameogopa. Msaidizi anayeomba ruhusa ni msaidizi anayewaonyesha wenzake kwamba mambo yanaweza kwenda bila yeye. Hilo lilikuwa kweli, lakini chini yake kulikuwa na kweli nyingine, chungu zaidi. Pale kwenye mstari alijua la kufanya. Nyumbani, mbele ya mtoto mwenye homa au mke aliyenyamaza, hakujua aweke mikono wapi. Kazi ilimpa sababu, naye akaipokea kwa furaha, akaiita amri.

Aliendesha Ijumaa saa kumi na moja alfajiri, mahindi yaliyokauka huku na huku mpaka akavuka Iowa. Alilala motelini karibu na ile bustani ya matufaha. Jumamosi aliamka alfajiri kama siku ya mchezo, akala chapati za maziwa peke yake, suti mpya ikimbana kwapani, na mara mbili akajikuta anataka kumwambia mtu kuhusu upepo.

Mlangoni pa ghala alisimama msichana mwenye orodha.

"Jina, mzee?"

"Skala."

Msichana akashuka na kidole, akapanda nacho, akageuza ukurasa. "Sikuoni. Uliirudisha kadi?"

"Sikuirudisha."

"Basi, ndiyo maana. Wewe ni upande wa nani?"

"Bibi arusi."

"Nani yake?"

Orrin alitazama ndani. Merle Haugen alikuwa amesimama karibu na mlango wa pembeni, ua kifuani, anajirekebisha tai kwa kioo cha simu. Amezeeka, naye.

"Mimi ni baba yake," Orrin akasema.

Msichana alimtazama, akamtazama Merle, masikio yakamwiva. "Ngoja nimwite mtu."

"Usimwite mtu, mwanangu. Nitakaa nyuma."

Akakaa safu ya mwisho, karibu na majembe. Muziki ulipoanza watu wakasimama, naye akasimama. Kendra alitoka mkono wake ukiwa katika mkono wa Merle. Alikuwa mrefu. Sijui kwa nini hilo lilimshtua Orrin, maana yeye mwenyewe ni mrefu, lakini kichwani mwake mtoto alikuwa ameishia kimo cha kumfikia kifuani. Alipita karibu kiasi cha kuguswa, akageuza uso, akamwona. Mguu ukakosa nusu hatua. Merle hakuelewa, akaendelea kumvuta taratibu kwenda mbele, na Kendra akaenda.

Wakati wa chakula kila kiti kilikuwa na jina. Orrin alizunguka ukumbi mara moja na sahani yake ya soseji na viazi, akijifanya anatazama maua, kisha akakaa kwenye meza ya vibarua, nyuma ya nguzo, pamoja na mpiga picha na mzee mmoja mpiga kodiani aitwaye Zielinski.

"Wewe unapiga nini?" Zielinski akamwuliza.

"Sipigi kitu."

"Basi unakula bure kama huyu hapa," akamwonyesha mpiga picha kwa uma. "Huyu anabonyeza kidude tu, analipwa kunishinda. Mimi nimetoboka kifua kwa kuvuta hili sanduku miaka hamsini."

"Mzee, wewe sanduku lako linatoa sauti ya mbuzi," mpiga picha akajibu bila kuinua macho kwenye simu.

"Unatazama nini humo?"

"Mpira. Tolliver wanawachapa watu. Thelathini na moja kwa kumi. Mrushaji wao hajaguswa hata mara moja, amesimama pale kama anangoja kinywaji."

Orrin aliweka uma chini. Simu yake mwenyewe ikatikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Petersen, umeandikwa wakati wa mapumziko kinyume cha kanuni zote: "Kocha hawajamfikia kabisa!! Dutcher anapiga kelele kuliko wewe. Kula keki usiharakishe." Alifurahi. Aliona fahari, kisha fahari ikageuka kitu kingine, akanywa maji.

Merle alikuja na vipande viwili vya keki, akasimama akivishika kama mtu anayepeleka barua kwenye nyumba yenye mbwa.

"Orrin. Tungekuwekea kiti, bwana. Haki ya Mungu."

"Najua. Sikujibu kadi."

"Kendra alisema hutajibu." Akaweka keki mezani. "Nisamehe. Sikutaka kusema hivyo."

"Umesema kweli. Kaa basi."

"Nitarudi," Merle akasema, na hakurudi, si kwa ubaya. Orrin alitafuta ndani yake ile dharau ya zamani juu ya tarishi, akakuta imekwisha.

Zielinski alipokwenda kupiga kodiani, Kendra akaja mwenyewe, ameshika gauni kwa mikono miwili, akakaa kwenye kiti kilichoachwa.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja."

"Leo mnacheza nyumbani."

"Tunaongoza."

"Bila wewe?"

"Bila mimi."

Akacheka kidogo kwa pua, kicheko cha mama yake. "Utakuwa umedhani nilichagua siku hii kukukomoa."

"Agosti yote nilidhani hivyo."

"Hapana, Baba. Ningeweka Juni ungesema utakuja. Na mimi ningesubiri. Ningekuwa nimevaa hivi, watu wananibana nywele, na mimi nachungulia barabara. Kila kitu changu nilikisubiri hivyo. Nikasema siku hii moja tu, nisimsubiri mtu. Oktoba nilikuwa na hakika."

Orrin aliitikia kwa kichwa.

"Si lawama," Kendra akaendelea upesi. "Usitoe macho hivyo. Najua hukuwa na la kufanya, walikuwa wanakukatalia. Mama alikuwa ananiambia, baba yako hakuruhusiwa. Wewe hujui nilivyomchukia yule Lattimore! Nilikuwa napiga magoti kila siku, nasema Mungu, mfukuze Kocha Lattimore, baba akae nyumbani. Nina miaka kumi na mmoja. Halafu kweli akafukuzwa." Akawa analainisha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Januari masanduku mlangoni, wewe Kansas, sisi huku. Sasa nacheka. Lakini mpaka leo, Baba, kuna siku naamini ni mimi niliyetuvunja."

"Kendra."

"Basi tuache. Mimi na Eliot tumezungumza, tungependa uje Krismasi. Krismasi ya kweli, ya Desemba. Una nafasi Desemba?"

Hiki ndicho alichokifuata kilomita elfu na zaidi. Amepewa bila hata kuomba. Ilibidi aseme ndiyo tu, akamate mkono wa mtoto wake, na yale mengine yakae yalipokaa miaka yote. Nani angemsuta? Lattimore alishakufa. Gaines yuko Nebraska. Lakini kiganja cha Kendra kilikuwa kinaendelea kulainisha kitambaa mahali ambapo hapakuwa na kunjo hata moja, na Orrin akaona mtoto wa miaka kumi na mmoja amepiga magoti.

"Hakunikataza," alisema.

"Nani?"

"Lattimore. Hakunikataza yeye wala wengine wote. Sikuwahi kuomba. Jumatatu hii ndiyo mara yangu ya kwanza, na nilipewa ndani ya nusu dakika."

Kiganja kikasimama.

"Hata nilipopasuliwa tumbo?"

"Hata hapo."

"Mama alikupigia simu mara nne."

"Nilizipata zote. Niliwaambia nyinyi nimekataliwa. Sikuwa nimemwuliza mtu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa waone wanaweza bila mimi. Na nilipapenda kule, Kendra. Kule nilijua la kufanya. Wewe nilikuwa sijui."

Kodiani ilikuwa inaendelea, ya mbuzi kweli, watu wanapiga makofi. Wanja ulikuwa umeanza kumtoka Kendra.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," alisema.

"Hukuwa wewe. Hata siku moja hukuwa wewe."

"Ungeweza kuninyamazia," akasema taratibu. "Leo tu. Ungeniambia siku nyingine."

"Nimekuwa nikingoja siku nyingine maisha yangu yote."

Zielinski akatangaza kwa sauti ya mnada kwamba sasa ni zamu ya bibi arusi na baba yake. Watu wakafungua nafasi. Merle alisimama katikati, akageuka upande wa nguzo, akafungua mkono kumwelekea Orrin, kwamba ukitaka, nakupisha. Ni mtu mwema, yule tarishi. Orrin hakusogea. Aliangalia bintiye atafanya nini. Kendra akainuka, akafuta chini ya jicho kwa kidole cha pete, akaenda kwa Merle.

Orrin alikaa mpaka mwisho. Hakuwa ameona jambo lolote la Kendra mpaka mwisho, na hili aliliona lote, dansi ya kwanza, ya pili, wazee walioteleza, keki iliyobaki. Jua likaanza kushuka, maharusi wakasindikizwa kwenye gari. Alisimama nyuma ya kundi. Kendra, mguu mmoja ukiwa ndani ya gari, alimtafuta kwa macho, akamwona.

"Unaondoka lini?" akauliza juu ya vichwa vya watu.

"Jumatatu natakiwa kazini. Kesho nipo. Nipo ile moteli ya barabarani."

Akafikiri. "Labda tutapita kunywa kahawa, kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Labda, Baba. Siahidi."

"Nitakuwepo."

Jumapili saa moja asubuhi alikuwa ameshavaa suti. Alikivuta kiti mpaka dirishani, penye mwonekano wa barabara yote hadi kwenye kona ya kanisa. Alinunua kahawa tatu, akawaza zitapoa, akanunua tena saa tatu. Gari jekundu lilipunguza mwendo, likaingia kituo cha mafuta. Watu walitoka kanisani, wakajazana kwenye magari, wakaisha. Saa sita alitaka kwenda msalani akaogopa, akaenda mbio akarudi. Alikuwa na habari za mchezo kwenye simu, hakuzifungua. Saa kumi kasorobo ujumbe ukaingia.

"Tumeshafika uwanja wa ndege. Sikuweza, Baba. Nilitaka ila sikuweza. Ulisubiri sana?"

Orrin alivaa miwani. Vidole vyake vinene viliandika pole pole, herufi moja moja.

"Tangu saa moja asubuhi."

Akautuma. Zilitokea zile nukta tatu za mtu anayeandika, zikapotea, zikatokea tena, zikapotea. Aliendelea kukaa pale dirishani, suti imemkaba kwapani, akizingoja.